Fritz Zwicky: Mtoto wa mfanyabiashara aliyezipima galaksi

Anayenunua kahawa Kasese au samaki wakavu pale Mpondwe anajua kwamba jicho hudanganya. Gunia linaweza kuonekana limejaa, lakini bei huamuliwa na mizani. Fritz Zwicky, mwanasayansi Mswisi aliyefariki mwaka 1974, aliifuata kanuni hiyo katika kazi kubwa zaidi: kupima uzito wa galaksi. Mizani yake ilipopingana na jicho, aliiamini mizani. Dunia ilichukua karibu miaka 40 kumsikiliza, na sehemu ya jibu ililetwa na setilaiti iliyorushwa kutoka pwani ya Kenya.

Zwicky alizaliwa Februari 14, 1898 katika mji wa bandari wa Varna, Bulgaria. Baba yake alikuwa mfanyabiashara kutoka Uswisi, na mama yake alikuwa Mcheki. Alipofikisha miaka sita alipelekwa kwa babu na bibi yake katika jimbo la Glarus, Uswisi, ili asomee biashara. Kijana akavutiwa zaidi na hesabu na fizikia. Alipata shahada ya udaktari mjini Zurich mwaka 1922, na mwaka 1925 akaenda Marekani katika chuo cha Caltech, California. Aliishi huko hadi uzeeni, lakini hakuchukua uraia wa Marekani.

Ukanda mweupe unaoonekana angani usiku usio na mbalamwezi ni galaksi yetu, yenye mabilioni ya nyota, tunayoitazama tukiwa ndani yake. Galaksi nyingine hukaa kwa makundi. Kundi la Coma, lililo umbali wa miaka-nuru milioni 300 hivi, lina galaksi zaidi ya 1,000.

Mwaka 1933 Zwicky alichunguza kasi za galaksi za Coma. Aliona zinapishana kwa takriban kilomita 1,000 kila sekunde, karibu safari nzima ya lori kutoka Mombasa hadi Kampala. Kwa kasi hiyo zingekuwa zimetawanyika zamani, isipokuwa kuna uzito mkubwa unaozivuta zisitoroke. Alipojumlisha uzito wa nyota zinazoonekana, haukutosha hata kidogo. Hesabu yake ilionyesha uzito unaohitajika ni mara 400 ya ule unaoonekana. Baadaye wataalamu waliipunguza tarakimu hiyo, kwa kuwa vipimo vya umbali vya wakati ule vilikuwa na kasoro, lakini upungufu ulibaki palepale. Zwicky aliuita uzito huo uliofichika maada ya giza.

Wengi hawakumjali. Alikuwa mkali wa maneno na aligombana na wenzake. Lakini mwaka 1934, pamoja na Walter Baade, alieleza jinsi nyota kubwa inavyolipuka na kuacha kiini kidogo kizito mno. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikusanya vitabu na kuvituma kwa maktaba zilizoharibiwa na vita.

Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililo baharini karibu na Malindi. Wakaiita Uhuru. Eneo hilo liko karibu na ikweta, mstari uleule unaokatiza barabara karibu na Kikorongo, kwenye njia panda ya kwenda Bwera. Hapo mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada.

Uhuru ilipokea miale ya eksirei, ambayo hewa ya dunia huizuia isifike ardhini. Ilionyesha kwamba Coma na makundi mengine yanang'aa kwa miale hiyo. Katikati ya galaksi kumejaa gesi nyepesi mno, yenye joto la mamilioni ya nyuzi.

Galaksi hukimbia ndani ya gesi hiyo kama pikapu iliyobeba kahawa pamoja na makapi yake bila turubai. Upepo huyapeperusha makapi, kahawa ikabaki. Vivyo hivyo, galaksi hupokonywa gesi yake lakini nyota zake hubaki, kama James Gunn na Richard Gott walivyoeleza mwaka 1972. Galaksi iliyopoteza gesi hukosa malighafi ya kuunda nyota mpya.

Katika makundi makubwa gesi hiyo ya moto ina uzito kuliko nyota zote zikijumlishwa. Lakini nayo haitoshi kuliziba pengo la Zwicky. Joto lake ni kali kiasi kwamba ingekuwa imetoroka kama isingeshikiliwa na uzito mwingine mkubwa zaidi. Sehemu kubwa ya uzito wa kundi bado haionekani.

Mwaka 1972 Zwicky alitunukiwa nishani ya dhahabu ya Chama cha Kifalme cha Wanajimu cha Uingereza. Alifariki California Februari 8, 1974, akazikwa Mollis, katika jimbo la Glarus alikokulia. Hadi leo hakuna chombo kilichoikamata maada ya giza, ingawa kila kundi la galaksi linapopimwa, mizani huonyesha kwamba ipo.