Annalena wa Wajir, aliyekubali kuachia alichokipenda

Nilipopangiwa kazi Lafey niliogopa, lakini sikusema. Sisi watu wa Pwani tukisikia Mandera, twakumbuka basi la Omar Jillo la 2014 na mabomu ya barabarani. Nilikuwa namwambia kila mtu kwamba kinachonisumbua ni joto na umbali tu. Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja wa hapo Lafey, ambaye ujanani aliugua kifua kikuu, akatibiwa Wajir na Annalena Tonelli.

Annalena alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943. Alisomea sheria, akaja Kenya 1969. Hakuwa mtawa, ingawa wengi walimdhania hivyo. Hakuwa na mshahara, wala akiba ya uzeeni. Mzungu, Mkristo, hana mume, yuko kati ya Waislamu wafugaji: nikwambie, msomaji, hata huku kwetu asingeaminiwa upesi.

Kifua kikuu kilikuwa aibu. Mtu atakohoa damu na bado aseme ni homa, maana kukitaja ni kutengwa. Na aliyeanza dawa, akipata nafuu, ngamia wakihama naye huhama, ugonjwa ukarudi. Kuanzia 1976 Annalena aliwaacha wagonjwa wajenge vibanda vyao kando ya mji wa Wajir, wakae miezi kadhaa, kila mmoja ameze dawa huku mhudumu akimwona. Jirani yako ana ugonjwa huo huo, utamficha nini? Baadaye Shirika la Afya Duniani lilihimiza usimamizi wa namna hiyo dunia nzima.

Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilikubali vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuja kutaja idadi inayokaribia 1,000. Annalena alikwenda kuokota majeruhi na maiti, akasaidia kufikisha habari kwa walimwengu. Wakati ule watu wazima na vyeo vyao walinyamaza.

Malipo yake yalikuwa kufukuzwa nchini, 1985. Hapo ndipo panaponigusa kuliko hata kifo chake. Mali hakuwa nayo ya kunyang'anywa. Alichokuwa nacho ni Wajir, na wale wagonjwa aliowalea kama wanawe. Angalinyamaza, huenda angaliachiwa.

Akavuka Somalia, akaanza upya katikati ya vita, hadi akafika Borama akajenga hospitali ya kifua kikuu. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi hapo hapo hospitalini.

Bibi alipomaliza aliniuliza kama nami naogopa kuuawa hapa Lafey. Nikajibu ndiyo, kwa mara ya kwanza. Akasema hata yeye huogopa, kila usiku, kisha akanimiminia chai.