Caroline Herschel, Mtumishi wa Nyumbani Aliyezijua Nyota

Katika mji wa Hannover, nchi ya Ujerumani, tarehe 16 Machi 1750, alizaliwa mtoto wa kike aliyeitwa Caroline. Baba yake, Isaac Herschel, alikuwa mpiga muziki wa jeshi. Hakuwa na mali, lakini alipenda elimu, akataka watoto wake waipate. Usiku mmoja wa baridi, mbingu ikiwa safi, alimtoa Caroline nje, akamwonyesha nyota, na pamoja nazo nyota yenye mkia iliyoonekana siku zile. Mtoto hakusahau.

Shauri la mama lilikuwa jingine. Aliona kwamba wavulana wasome, lakini msichana akijua kupika, kufua na kufuma soksi, yatosha. Tena Caroline alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi alishikwa na homa kali ya tifusi. Alipona, lakini mwili wake uliacha kukua. Hata katika uzima wake wote kimo chake kilikuwa kama mita 1 na sentimita 30 tu. Watu wa nyumbani wakakata tamaa kwamba ataolewa. Baba yake alifariki mwaka 1767, naye Caroline akabaki katika nyumba ya mama yake kama mtumishi asiye na mshahara.

Ndugu yake mkubwa, William, alikaa Uingereza katika mji wa Bath, akipiga kinanda kanisani. Mwaka 1772 alikuja kumchukua. Mama hakukubali mpaka William alipoahidi kumpa fedha kila mwaka, apate kuajiri mtumishi mahali pa binti yake. Huko Bath, William alimfundisha Caroline Kiingereza, hesabu na kuimba, hata akaimba mbele ya makutano ya watu.

Lakini moyo wa William ulivutwa na nyota. Akaazimu kutengeneza darubini kwa mikono yake. Ndani ya darubini hizo mlikuwa na kioo cha shaba na bati, kilichosuguliwa mpaka king'ae kabisa. Na aliyekisugua hakuthubutu kuondoa mkono. Siku moja William alisugua kwa muda wa saa 16 bila kupumzika, na Caroline alimlisha kwa mkono wake tonge kwa tonge. Vioo vilimiminwa katika kalibu ya mavi ya farasi, na Caroline alisaidia kuyatwanga katika kinu na kuyachekecha. Tarehe 13 Machi 1781 William aliona sayari mpya, ipitayo Zohali kwa umbali, iitwayo leo Uranus. Mfalme akampa mshahara wa mwaka, naye mwaka 1782 akaacha kazi ya muziki.

Mwaka uo huo alimpa Caroline darubini yake ya kwanza. Ilikuwa ndogo, na kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zenye mkia. Mwanzo ulikuwa mgumu. Alikaa peke yake gizani, katika majani yenye umande na baridi kali, pasipo mtu wa kumwita karibu. Wala mbingu yenyewe hakuijua bado vizuri. Hata hivyo hakuacha. Alipitisha darubini mbinguni kama mtu afagiavyo uwanja, ukanda kwa ukanda, bila kuruka mahali. Alipoona kitu kilicho kama moshi mwembamba, alitazama kitabuni kama kimekwisha kuandikwa na wataalamu. Kisipokuwamo, aliandika saa na mahali pake, akangoja usiku wa pili. Kwa maana wingu la nyota hukaa mahali pake, bali nyota yenye mkia huhama. Mwaka 1783 aligundua mawingu ya nyota ambayo hayakuwa yameandikwa na mtu. William alifurahi, akamtengenezea darubini iliyo bora zaidi.

Tarehe 31 Desemba ya mwaka huo, akimsaidia William usiku, aliteleza katika theluji, na ndoana ya chuma ikamchoma mguu juu ya goti. Jeraha lilikuwa kubwa. Lakini alipopata nafuu alirudi kazini.

Tarehe 1 Agosti 1786 William alikuwa safarini Ujerumani. Usiku ule Caroline aliona kitu asichokijua. Hakutangaza neno. Kesho yake mvua ilinyesha mchana kutwa, naye akaogopa kwamba hataona kitu. Usiku wa manane ukapita, mawingu yakatawanyika, akatazama: kile kitu kimehama. Ilikuwa nyota yenye mkia! Ndipo alipowaandikia wataalamu, nao wakatazama wakaona ni kweli.

Mwaka 1787 mfalme alianza kumlipa paundi 50 kila mwaka. Hizo zilikuwa fedha za kwanza maishani mwake alizoweza kuzitumia apendavyo. Hata kufika mwaka 1797 alikuwa ameona nyota zenye mkia 8. Mojawapo, ile ya Desemba 1788, ilionekana tena mwaka 1939. Mwaka 1798 ilichapwa kazi yake ya kusahihisha orodha kubwa ya nyota, akiongeza nyota zaidi ya 500 zilizokuwa zimesahauliwa.

William alipofariki mwaka 1822, Caroline alirudi Hannover. Ingawa alikuwa amepita miaka 70, alipanga upya orodha ya mawingu ya nyota 2,500 hivi, ili mtoto wa William aitumie. Kwa kazi hiyo wataalamu wa London walimpa nishani ya dhahabu mwaka 1828. Alifariki tarehe 9 Januari 1848, akikaribia umri wa miaka 98.

Apataye darubini yake ya kwanza na ashike njia yake: akae gizani mpaka macho yazoee, aanze na mwezi, ambao ni rahisi kuonekana, aandike aonayo, asitangaze jambo asilolihakikisha. Wala asielekeze darubini kwenye jua kamwe, asije akapofuka. Na mzazi mwenye binti na akumbuke usiku ule wa Hannover. Baba maskini hakuwa na kitu cha kumrithisha mtoto wake, ila alimshika mkono, akamtoa nje, akamwonyesha mbingu.