Marshall na chuo alichokikataa

Wadogo zetu wa EGM wakiniuliza waende chuo gani kusoma uchumi, huwa nawasimulia habari za Alfred Marshall. Ndiye huyo aliyetuzoesha kuweka bei kwenye mstari wa wima tunapochora mahitaji na ugavi.

Alizaliwa London mwaka 1842. Mzee wake, karani wa Benki ya Uingereza, alikuwa mkali kwelikweli. Hata sataranji alimkataza. Alishampangia kijana maisha: aende chuo cha St John's, Oxford, kwa ufadhili, asome Kilatini na Kigiriki, atoke kasisi. Kitu cha bure, jamani!

Alfred akakataa. Alitaka hisabati, somo ambalo mzee hata kuliona hakutaka, na mahali pa hisabati siku hizo ni Cambridge. Huko nako kuna chuo kinaitwa St John's, ila hela ya kumsomesha mzee hakuwa nayo. Aliyemwokoa ni ami yake Charles, aliyetajirika Australia. Alimkopesha. Naam, mkopo, tena bodi yenyewe mtu mmoja! Alfred akaulipa mapema baada ya kuhitimu (hapo wadogo zetu huwa wanacheka). Mtihani wa 1865 alishika nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa John Strutt, aliyekuja kupata Nobeli ya fizikia.

Shahada ya uchumi haikuwepo Cambridge wakati huo. Aliufikia uchumi baadaye, kwa kuzunguka mitaa ya maskini na kujiuliza kwa nini watu wanaishi vile. Akachukua kitabu cha John Stuart Mill, akawa anageuza hoja zake kuwa milinganyo. Lakini kitabu chake kikubwa cha 1890 kilipotoka, hesabu alizisukuma nyuma kabisa, ili hata mfanyabiashara aweze kusoma. Shahada yenyewe aliipigania mpaka ikaanzishwa, 1903.

Simsifii kwa yote. Mary Paley alikuwa mwanafunzi wake, akamwoa 1877, wakaandika kitabu pamoja. Halafu Cambridge ilipojadili kuwapa wanawake shahada, bwana akapinga. Alifariki 1924, akaacha vitabu vyake kwa wanafunzi. Aliyekaa maktabani kuwahudumia kwa miaka mingi, bure, ni Mary, aliyefanya mtihani wa mwisho 1874 bila kutunukiwa shahada.