Didimo Kipofu

Didimo Kipofu (Aleksandria, Misri, 313 hivi – 398 hivi) alikuwa mlei, mwalimu na mwanateolojia wa Kanisa la Aleksandria, maarufu kwa kuhifadhi Biblia akilini.

Maisha

Alipofuka akiwa na umri wa miaka minne hivi, kabla ya kujua kusoma. Mwanahistoria Sozomeno anasimulia kwamba alijifunza herufi kwa kuzipapasa zikiwa zimechongwa katika ubao. Lakini vitabu viliandikwa kwa wino, hivyo ilimbidi asomewe na wengine. Kadiri ya mwanafunzi wake Rufino, wasomaji walipolala kwa uchovu, Didimo alikesha akiyarudia moyoni aliyoyasikia, kama mnyama anayecheua.

Kwa njia hiyo alijifunza pia mantiki, hesabu, jiometria na muziki. Askofu Atanasi alimkabidhi chuo cha Kikristo cha Aleksandria. Paladi, aliyemtembelea mara nne, anashuhudia kwamba alifafanua Agano la Kale na Agano Jipya neno kwa neno.

Siku moja Antoni Mkuu alimuuliza kama upofu unamhuzunisha. Didimo alinyamaza kwanza, halafu akakiri kwamba ndivyo. Antoni akamshangaa kwa kusikitikia macho ambayo hata nzi na sisimizi wanayo, wakati amejaliwa kuona kama mitume. Yeronimo, aliyesoma kwake mwaka 386, alipenda kumwita Mwenye Kuona.

Maandishi

Vitabu vyake aliviandikisha kwa kuwatamkia wengine. Kile kuhusu Roho Mtakatifu kimetufikia katika tafsiri ya Kilatini ya Yeronimo tu. Kwa kuwa Didimo alifuata baadhi ya mawazo ya Origene, yaliyolaaniwa katika karne ya 6, maandishi yake mengi hayakunakiliwa tena, yakapotea.

Mwaka 1941, katika machimbo ya mawe ya kale huko Tura, karibu na Kairo, zilipatikana papiri zenye ufafanuzi wake wa vitabu vya Mwanzo, Ayubu, Zaburi, Mhubiri na Zekaria. Humo anaeleza aya moja kwa kuiunganisha na nyingine za vitabu mbalimbali vya Biblia. Ufafanuzi wa Zaburi na Mhubiri una hata maswali ya wanafunzi wake pamoja na majibu aliyowapa darasani.