Edmond Becquerel: Kijana aliyechimbua umeme katika mwanga wa jua

JUA linapochomoza mjini Isiolo, paneli za sola zilizo juu ya mapaa ya nyumba na maduka mtaani Kiwanjani, karibu na uwanja wa ndege, huanza kuzalisha stima bila kelele wala moshi. Wachache wanajua kuwa chanzo cha teknolojia hiyo ni jaribio la kijana Mfaransa wa miaka 19.

Edmond Becquerel alizaliwa jijini Paris mnamo Machi 24, 1820. Babake, Antoine César, alikuwa mtafiti mashuhuri wa masuala ya umeme, na ni katika maabara ya mzee huyo ambamo Edmond alianza kazi akiwa msaidizi.

Mnamo 1839, alitumbukiza vipande vya platinamu vilivyopakwa kemikali ya madini ya fedha ndani ya kimiminika chenye asidi. Mwanga ulipovifikia, mkondo wa umeme ulitokea. Hata hivyo, ulikuwa mdogo mno kuweza kutumika.

Becquerel hakufa moyo. Mnamo 1848 alifaulu kunasa rangi za mwanga wa jua katika picha, ingawa zilififia zilipoangaziwa tena. Alifunza katika chuo cha Conservatoire des Arts et Métiers kuanzia 1852, akateuliwa katika Akademia ya Sayansi mnamo 1863, na mnamo 1878 akarithi kiti cha babake katika Makavazi ya Historia ya Viumbe, Paris. Aidha, aliunda chombo cha kupima mng'ao unaosalia katika vitu baada ya mwanga kuondolewa.

Aliaga dunia Mei 11, 1891. Miaka mitano baadaye, mwanawe, Henri, alitumia chumvi za urani, ambazo babake alikuwa amezichunguza, kugundua unururifu. Henri alituzwa Nobel mnamo 1903, na kipimo cha unururifu kikapewa jina la ukoo huo. Hivyo basi, ulimwengu ukamkumbuka mwana, baba akasahaulika.

Ilichukua hadi 1954 kwa watafiti wa Bell, nchini Marekani, kutengeneza seli ya silikoni iliyogeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Paneli bora za leo hupita asilimia 20.

Kanuni ingali ile ile. Mwanga husukuma elektroni ndani ya silikoni na kuzua mkondo wa moja kwa moja, kisha inveta huubadilisha uwe kama ule wa nyumbani. Duka linalofanya kazi mchana huweza kutumia umeme huo papo hapo. Familia inayotaka taa usiku sharti iwe na betri. Kivuli cha mti au vumbi juu ya paneli hupunguza mazao.

Becquerel hakuishi kuona paa hata moja likiwasha taa kwa silikoni. Hata hivyo, kila taa ya sola inayomwezesha mtoto kudurusu usiku ni tunda la jaribio lake.