Konstantin Tsiolkovsky (1857–1935): Mwalimu Kiziwi na Bunilizi ya Anga

1.0 Utangulizi

Bunilizi ya kisayansi aghalabu huhesabiwa kuwa utanzu wa burudani, usiostahili nafasi kubwa katika uhakiki. Makala haya yanafuatilia maisha ya Konstantin Tsiolkovsky, mwandishi na mwanasayansi wa Kirusi, ili kuonyesha kwamba kwake hadithi ilikuwa nyenzo ya kufikiria, na kwamba mengi ya maswali aliyoyapeleka angani aliyaokota katika maisha ya kawaida ya nyumbani na darasani.

2.0 Utoto na Elimu

Tsiolkovsky alizaliwa tarehe 17 Septemba, 1857 katika kijiji cha Izhevskoye, jimbo la Ryazan. Baba yake, mwenye asili ya Kipolandi, alikuwa ofisa wa misitu. Akiwa na umri wa miaka kumi hivi aliugua homa kali iliyomwachia uziwi, na mwaka 1870 mama yake alifariki. Masomo ya shule yakamshinda, kwani hakuweza kuwasikia walimu.

Mwaka 1873 baba yake alimpeleka Moscow. Huko hakujiunga na chuo chochote. Alishinda maktabani, ambako alisaidiwa na Nikolai Fyodorov, mkutubi aliyekuwa pia mwanafalsafa. Fedha kidogo alizotumiwa alizinunulia vitabu na kemikali, akaishi karibu kwa mkate mtupu. Alirudi kwao mwaka 1876 akiwa amedhoofu, lakini amejifunza hisabati na fizikia bila mwalimu.

3.0 Ualimu na Utafiti

Baada ya kufaulu mtihani wa ualimu mwaka 1879, alianza kufundisha hesabu na jiometri katika mji mdogo wa Borovsk mwaka uliofuata, na huko akamwoa Varvara Sokolova. Mwaka 1892 alihamia Kaluga, akaishi huko hadi kufa. Alisikiliza watu kwa parapanda za bati alizojitengenezea. Mwaka 1897 alijenga kwa mikono yake mtambo wa kupulizia hewa vielelezo vya vyombo vya angani, apate kupima ukinzani wa hewa. Maabara yake ilikuwa nyumba yake, na mfadhili wake mkuu mshahara wake wa ualimu.

4.0 Hadithi na Mlingano

Katika hadithi yake ya mwezini, iliyochapishwa mwaka 1893, msimulizi anajikuta juu ya mwezi, ambako uzito wa mtu ni sehemu moja tu ya sita ya uzito wake duniani, na mbingu ni nyeusi hata mchana. Muhimu hapa ni kwamba kanuni za fizikia zinaelezwa kwa kuruka, kutembea na kuungua jua, yaani kwa mwili wa binadamu.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1903, alichapisha makala ya kisayansi kuhusu uchunguzi wa anga za juu kwa roketi. Humo alionyesha kwamba kasi ya roketi hutegemea mambo mawili: kasi ya gesi inayotoka, na uwiano wa uzito wa roketi kabla na baada ya kuunguza mafuta. Ili roketi ipate kasi sawa na ya gesi yake, lazima ianze ikiwa na uzito wa mara 2.7 ya ule utakaobaki. Ikihitajika kasi maradufu, uwiano huo hupanda hadi 7.4. Kwa hiyo alipendekeza haidrojeni na oksijeni katika hali ya kimiminika, na mwaka 1929 akaeleza roketi zilizoungana, zinazoachana safarini moja baada ya nyingine.

Riwaya yake kuhusu safari ya nje ya dunia ilitoka kwa ukamilifu mwaka 1920. Wahusika wake ni wanasayansi wa mataifa mbalimbali wanaoishi katika milima ya Himalaya mwaka 2017. Mwandishi anajishughulisha sana na mambo madogo: watu wataogaje mahali ambapo maji hayamwagiki? Watapataje hewa na chakula? Jibu lake ni bustani za mimea ndani ya chombo. Hata kinga ya wasafiri dhidi ya mshtuko wa roketi aliieleza kwa yai lililotumbukizwa katika bilauri ya maji ya chumvi: bilauri ikigongwa, yai halivunjiki.

5.0 Misiba na Dosari

Maisha hayo yalikuwa na gharama. Mwanawe Ignaty alijiua mwaka 1902, na mwaka 1908 mafuriko ya mto Oka yaliingia nyumbani mwake. Falsafa yake nayo ina doa. Aliamini kwamba furaha ya ulimwengu inadai viumbe dhaifu wazuiwe kuzaana. Inasikitisha kwamba aliyeandika hayo alikuwa mwenyewe kiziwi aliyepuuzwa kwa miaka mingi.

6.0 Hitimisho

Serikali ya Kisovieti ilimpa pensheni mwaka 1921, naye akafariki tarehe 19 Septemba, 1935. Tarehe 4 Oktoba, 1957, majuma machache baada ya kutimia miaka mia moja tangu azaliwe, satalaiti ya kwanza ilirushwa. Mwaka 1961 Yuri Gagarin aliweka jiwe la msingi la makumbusho yake mjini Kaluga. Maisha yake yanamtaka mhakiki asiitenge bunilizi na maarifa: mlingano ulionyesha namna ya kufika angani, na hadithi ikauliza mtu ataishije akishafika.