Jean Bouin, Mkimbiaji wa Marseille

Mhariri wa kurasa zetu za Kiswahili ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani. Najua wengi wenu mlitazamia habari za mfalme, au za mtu aliyegundua dawa. Mimi nimemchagua mtu anayekumbukwa zaidi kwa mbio alizoshindwa.

Sababu yangu ni hii. Nilipokuwa mwanafunzi hapa, niliingia katika mbio ndefu siku ya michezo. Nikaongoza tangu filimbi ya kwanza hata kona ya mwisho, na hapo kijana mmoja aliyekuwa nyuma ya mgongo wangu muda wote akanipita na kukata utepe. Jioni bwenini wakaniita Taa, kwa kuwa nimewamulikia wenzangu njia. Jina hilo halikunitoka mpaka nilipomaliza masomo, na wale wa darasa langu wakisoma haya watacheka tena. Basi siku moja katika maktaba nikaona picha ya watu wawili wakiukaribia utepe, mmoja mbele ya mwingine kwa kipande kidogo tu. Yule wa nyuma, mwenye masharubu, ndiye Jean Bouin. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta habari zake.

Alizaliwa Desemba 1888 katika mji wa Marseille, bandari kubwa ya Ufaransa ya kusini. Alipokua alifanya kazi ya ukarani katika benki, na baada ya kazi alikwenda kufanya mazoezi. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana. Mwaka 1908, hajatimiza miaka 20, alikwenda London kwenye Michezo ya Olimpiki, na yeye na Wafaransa wenzake wakapata nafasi ya tatu katika mbio za maili tatu za timu.

Baada ya hapo jina lake lilikua upesi. Kila mwaka nchi kadhaa zilishindana katika mbio za nyika, kupita mashamba, matope na vilima, na Waingereza na jirani zao wa visiwa vile walikuwa wamezoea kuondoka na ushindi. Bouin alishinda mwaka 1911, akashinda tena 1912, na tena 1913. Hapakuwa na mtu wa nje ya visiwa vile aliyeshinda kabla yake. Mwezi Novemba 1911, huko Colombes karibu na Paris, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 30 na sekunde 58 na nukta 8, na hakuna aliyeupita muda huo kwa miaka karibu kumi. Kwa hiyo alipofika Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, Julai 1912, kwa Michezo ya Olimpiki, hakuwa mgeni aliyekuja kubahatisha.

Lakini huko alimkuta Hannes Kolehmainen. Huyu alikuwa Mfini, fundi wa kujenga kwa mawe, umri wake miaka 22, mtu wa tabasamu. Nchi yake wakati ule ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Wafini waliruhusiwa kuwa na timu yao, lakini mmoja wao akishinda, bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Urusi. Ninyi mnaosoma historia ya nchi zetu mtaelewa moyo wa kijana yule ulivyokuwa. Tarehe 8 Julai alishinda mbio za mita 10,000. Siku iliyofuata akakimbia mchujo wa mita 5,000 pole pole, akijitunza. Bouin katika mchujo wake hakujitunza: alitumia dakika 15 na sekunde 5, naye Kolehmainen alichukua zaidi ya nusu dakika juu ya muda huo.

Fainali ilikuwa tarehe 10 Julai. Hapa nawaomba mnivumilie, maana mbio hizi nimezikimbia kichwani mwangu mara nyingi sana.

Kilikuwa kiwanja cha mizunguko 13 na ushei. Haikupita mizunguko mingi wale wawili wakajitenga na wengine, wakawa kana kwamba wako katika mashindano yao wenyewe. Bouin mbele, Kolehmainen nyuma yake. Mfini akijaribu kupita, Mfaransa anakaza mwendo, na Mfini anarudi nyuma. Mzunguko unakwisha, anajaribu tena, anakataliwa tena. Aliyewahi kukimbia anajua taabu ya kazi ile. Aliye nyuma anaona mgongo wa mwenzake na kuufuata. Aliye mbele haoni kitu ila njia, anasikia nyayo tu, na hajui kama yule wa nyuma anatweta au anatabasamu. Tena kila anapokaza mwendo kumzuia mwenzake, analipa kwa nguvu ambazo angezihitaji mwishoni.

Wakaingia mzunguko wa mwisho hivyo hivyo. Wakaingia mnyoosho wa mwisho, Bouin angali mbele. Zilipobaki mita chache tu, Kolehmainen akafika ubavuni pake, wakaenda sawasawa, bega kwa bega, kisha Mfini akapata hatua moja, na utepe ukakatika. Saa zilionyesha dakika 14 na sekunde 36 na nukta 6 kwa Kolehmainen, na nukta 7 kwa Bouin. Tofauti yao ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kupepesa jicho huchukua muda mrefu kuliko huo.

Sasa tazameni jambo jingine, ambalo wengi hulisahau. Kabla ya siku ile hakuna mtu aliyejulikana kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 15. Siku ile wawili walikimbia chini ya dakika 15 kwa pamoja, tena kwa zaidi ya sekunde 20! Mtu wa tatu, Mwingereza George Hutson, alifika zaidi ya nusu dakika nyuma yao. Muda wa Kolehmainen ukaandikwa kuwa rekodi ya kwanza ya dunia ya mita 5,000 kutambuliwa rasmi, na haikuvunjwa mpaka mwaka 1922, alipoivunja Paavo Nurmi, Mfini mwenzake.

Je, Bouin alikosea kuongoza? Tulibishana sana juu ya hili bwenini, nilipowaletea wenzangu habari zake. Wengine walisema angekaa nyuma na kumwachia Kolehmainen mzigo wa kuongoza, kisha angemshinda mwishoni. Mimi nilikataa, na hata leo nakataa. Inaonekana Mfini ndiye aliyekuwa na mbio kali zaidi za mwisho, kwa hiyo kama wangekwenda pole pole angemshinda Bouin kwa hatua nyingi. Njia pekee ya Bouin ilikuwa kumchosha mapema, naye akaishika njia hiyo bila kuiacha. Ilibaki kidogo sana ifaulu. Na rekodi ile, ingawa ina jina la mtu mmoja, kasi yake ilitoka katika miguu ya mwingine. Mtasema Taa anajitetea mwenyewe. Labda ni kweli.

Bouin hakukaa akinung'unika. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Julai 1913, alirudi katika mji ule ule wa Stockholm, akakimbia kwa muda wa saa moja kamili ili ipimwe atafika wapi. Akafika mita 19,021. Rekodi hiyo ilidumu miaka 15, na aliyeivunja ni yule yule Nurmi, mwaka 1928. Hapo watu walikuwa wakingoja Michezo ya Olimpiki ya 1916, ambayo ilipangwa kufanyika Berlin, ili waone Bouin na Kolehmainen wakikutana tena.

Mwezi Agosti 1914 vita vikuu vikaanza. Vita hivyo vilifika hata kwetu Afrika Mashariki, na wazee wetu wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, wasirudi. Bouin aliingia jeshini kama askari wa kawaida wa miguu. George Hutson, yule wa tatu, aliuawa Ufaransa tarehe 14 Septemba 1914. Siku kumi na tano baadaye, tarehe 29 Septemba, Jean Bouin naye akauawa, katika mapigano ya mashariki mwa Ufaransa. Alikuwa na miaka 25. Michezo ya Berlin ya 1916 haikufanyika kamwe.

Kwa hiyo kati ya wale watatu wa Stockholm, alibaki Kolehmainen peke yake. Mwaka 1920 alishinda mbio za maratoni huko Antwerp, Ubelgiji, na safari hii bendera iliyopanda ilikuwa ya Ufini, nchi huru tangu 1917. Mwaka 1952, Michezo ilipofanyika Helsinki, alikuwa miongoni mwa waliowasha mwenge. Alifariki mwaka 1966.

Jina la Bouin limepewa uwanja mmoja mkubwa huko Paris, na katika mji wa Barcelona, Hispania, kuna mbio za barabarani zinazoitwa kwa jina lake, zilizoanzishwa mwaka 1920.

Kuhusu mita 5,000 zenyewe, nadhani hakuna msomaji wa gazeti hili asiyejua kuwa tarehe 14 Agosti 2020, huko Monaco, Joshua Cheptegei wa Uganda alizikimbia kwa dakika 12 na sekunde 35 na nukta 36. Monaco haiko mbali na Marseille, ni pwani ile ile ya kusini. Usiku ule niliitazama saa kuliko nilivyomtazama yeye. Waliomwongoza mwanzoni walitoka kabla ya nusu ya mbio, na kuanzia hapo alikimbia mbele peke yake mpaka mwisho, wala hapakutokea mtu wa kumpita.